Muulize Dereva: "Mwanangu kanunua nyumba Tarneit, huko ndiko wapi?"

*Majibu ya safu hii yanaandikwa na dereva wa basi, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Werribee, magharibi mwa Melbourne, Australia.*

Ndugu dereva, mwanangu wa kwanza yuko Australia huu mwaka wa tisa. Mwaka jana kanunua nyumba mahali panaitwa Tarneit. Akituma picha naona mapaa ya kijivu yamebanana kama vitumbua kwenye chuma, na mti hata wa dawa hakuna. Nikimuuliza anakaa wapi, anasema Melbourne. Nikimuuliza kazini anafika kwa muda gani, anasema saa nzima na zaidi. Shemeji yetu aliyewahi kufika ananiambia huko ni pori lililopimwa viwanja juzi, hapana mji wala historia. Januari naenda kumtembelea. Hivi naenda wapi? (Mama wa watatu, Moshi)

Mama wa watatu, shikamoo. Kama nimekuzidi umri usijali, tutasawazisha ukifika.

Shemeji yenu kasema nusu ya kweli. Viwanja vimepimwa juzi, hilo halina ubishi. Nilipoanza kuendesha upande huu, Leakes Road ilikuwa lami nyembamba katikati ya mashamba, na zamu ya usiku nilipunguza mwendo kwa ajili ya kangaruu, si kwa ajili ya watu. Sensa ya 2016 ilihesabu watu zaidi ya 34,000 Tarneit. Ile ya 2021 ikakuta zaidi ya 56,000. Kuna njia niliyoacha kuiendesha mwezi mmoja tu nikiwa likizo Tanga, niliporudi nikakuta vipilefti viwili vipya na mtaa mzima wenye watu, mapazia na mbwa.

Na mwanao hadanganyi akisema Melbourne. Tarneit iko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji, na mtu wa Mbagala ukimkuta Mwanza atakwambia anatoka Dar, si Mbagala.

Ila hilo la "hapana historia" nalikataa, maana historia ya huku naisoma kwenye vibao kila siku nikiwa kwenye usukani. Panda basi tuondoke wote stesheni ya Hoppers Crossing. Jina hilo ni la mama mmoja, Elizabeth Hopper, aliyekuwa akifungua na kufunga lango pale reli ya Geelong ilipokatiza barabara. Hakuwa tajiri wala gavana, alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, na leo mji mzima unaitwa kwa jina lake. Mimi kila nikipita pale, namkumbuka.

Kisha tunashika Derrimut Road kwenda kaskazini. Derrimut alikuwa kiongozi wa Waboonwurrung, mmoja wa watu wa asili wa pwani hii. Walowezi walifika mwaka 1835, na mwaka ule ule yeye ndiye aliyewaonya kwamba watavamiwa, wakajiandaa. Uzeeni alimlalamikia hakimu mmoja kwamba ardhi yote ile ilikuwa yake na sasa imejaa wageni. Akafa mwaka 1864. Barabara yenye jina lake sasa ina foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na sijawahi kusikia abiria hata mmoja akiuliza Derrimut ni nani.

Majina yenyewe ni ya wenyeji wa asili. Werribee, mto unaopita magharibi yenu, ni "uti wa mgongo" kwa lugha yao, na ulikuwa mpaka kati ya jamii moja na nyingine. Tarneit husemwa maana yake ni "nyeupe". Labda ni majani ya kiangazi, ambayo Januari utayaona yamekauka mpaka yamepauka.

Kabla ya mapaa kulikuwa na kondoo. Ndugu wawili kutoka Scotland, Thomas na Andrew Chirnside, walimiliki nchi hii hadi mtu akichoka kutembea. Kati ya 1874 na 1877 walijijengea jumba la vyumba 60 pale Werribee Park. Bado lipo, mwambie mwanao akupeleke. Pembeni yake kuna hifadhi ya wanyama, na hapo nakuonya mapema: atakulipia kiingilio, utapandishwa kwenye gari, uzungushwe kutazama twiga, pundamilia na kifaru. Wewe wa Moshi! Mimi nilicheka mpaka dereva mwenzangu wa lile gari akaniuliza kulikoni.

Sasa tabia ya mahali. Huku nyumba ndiyo inayotangulia, mengine yanafuata kwa miguu. Watu walihamia Tarneit miaka na miaka bila stesheni. Walikuwa wanakuja kwangu, nawapeleka Hoppers Crossing au Werribee kwenye treni ya umeme. Stesheni yao ilifunguliwa Juni 2015, tena ya treni za dizeli zinazotoka Geelong zikiwa tayari zina watu. Maegesho yanajaa kabla jua halijapanda. Ndiyo maana mwanao anasema saa nzima: hasafiri mbali, anasubiri sana. Shule nazo hivyo hivyo, zinafunguliwa, na mwaka wa pili tu tayari kuna madarasa ya kubebeka uwanjani.

Basi la kwanza la alfajiri ni la wauguzi na watu wa maghala ya Truganina, wenye vizibao vya rangi ya chungwa, kila mmoja amelala na kichwa kwenye kioo. La saa nne asubuhi ni jingine kabisa. Hilo, mama, ndilo litakuwa lako. Limejaa mabibi na mababu. Kati ya waliozaliwa nje, Wahindi ndio wengi Tarneit, na baada ya Kiingereza Kipunjabi ndicho kinachosikika zaidi majumbani. Wazazi wao wanaletwa kwa visa ya kutembelea kama wewe, walee wajukuu, na wakishachoka kukaa ndani wanapanda basi waende dukani. Hakuna haraka. Mzee mwenye kilemba atanisalimia kwa kuweka mkono kifuani, nami namjibu vivyo hivyo, na Kiingereza hakimo.

Mwaka juzi nilimwona bibi mmoja wa Kikenya, ana leso mabegani, kakaa na bibi wa Kipunjabi mwenye fungu la majani mabichi kwenye mfuko. Yule wa Kikenya akauchungulia mfuko. Mwenzake akachomoa kijiti, akakisugua kwa vidole, akampa anuse. Ulikuwa uwatu. Bibi yetu akanusa, akatikisa kichwa, akafungua pochi yake na kutoa kibahasha cha mbegu. Nadhani zilikuwa za mchicha. Wakaanza kuonyeshana kwa mikono, kimo hiki, maji kiasi hiki, kutoka kituo cha Sayers Road hadi stesheni, neno moja la pamoja hawana. Waliposhuka, uwatu ulikuwa umehamia kwa Mkenya na kibahasha kwa Mhindi.

Kwa hiyo ukifika usikae ndani kutazama yale mapaa. Duka la Kihindi lina choroko, dengu, ukwaju, bizari na hata mihogo ya kugandishwa. Siku ya joto upepo wa kaskazini unavuma kama umefungua tanuri, nyuzi 40, halafu upepo wa kusini unageuka na ndani ya saa moja unatafuta sweta. Kwa hiyo kanga na sweta, vyote viwili, kila siku. Dagaa wako waandike kwenye kadi ya uwanja wa ndege, usiwafiche. Wakikunyang'anya ni dagaa tu, ukiwaficha ni faini.

Kaka mkubwa, binamu yangu anahamia Werribee na wenzake kazini, wanaokaa mashariki ya Melbourne, wanamcheka eti anahamia chooni kwa mji. Ni kweli ama ni matusi? (Msomaji wa Bujumbura)

Ni kweli, mdogo wangu, na ni choo chao wao.

Miaka ya 1880 Melbourne ilikuwa imetajirika kwa dhahabu lakini haina mfumo wa majitaka. Uchafu ulimwagwa mpaka kwenye mitaro ya barabarani, homa ya matumbo ikaua watu, na mji ukapachikwa jina la kejeli, Smellbourne, yaani Melbourne inayonuka. Ndipo bodi ya maji na majitaka ya jiji ikanunua ardhi huku Werribee mwaka 1892, kutoka kwa akina Chirnside wale wale wa jumba. Mwaka 1897 nyumba za kwanza zikaunganishwa. Injini za mvuke pale Spotswood zilipandisha majitaka kutoka mabomba ya chini, kisha yakateremka kwenye mfereji mkuu mpaka huku.

Mpaka leo kama nusu ya majitaka ya Melbourne inaletwa hapa, kwenye eneo la hekta 10,500. Kulikuwa na kijiji kizima cha wafanyakazi, Cocoroc, chenye shule yake na bwawa la kuogelea. Wenyewe walishahama zamani. Mabwawa makubwa sasa yamefunikwa kwa turubai, gesi inakusanywa, inafua umeme. Harufu ipo? Ipo, jioni nyingine, upepo ukitoka kusini na wewe uko karibu na barabara kuu. Zamani ilikuwa mbaya zaidi kuliko sasa. Na watu wenye darubini shingoni wanakuja kutoka nchi za mbali kutazama ndege, maana wako vijidege vya gramu 30 tu vinavyotoka Siberia kuja kula kwenye matope yetu.

Binamu akichekwa tena, awaulize koliflawa yao inatoka wapi. Bustani za Werribee South, nyingi ni za familia zenye asili ya Italia, zinamwagiliwa kwa maji yaliyosafishwa hapo hapo.

Mwandishi, sisi ni wa Mombasa, tuko Tarneit. Nyumba ina miaka minne. Ufa umetokea juu ya mlango wa chumba cha kulala. Kiangazi wapanuka, wakati wa baridi wajifunga. Mume wangu asema mjenzi alituibia saruji, mimi nasema ni ardhi. Nani kashinda? (Mama wa Tarneit)

Umeshinda wewe, lakini usimwambie kwa sauti.

Uwanda huu wote ni mawe ya volkano, na juu yake udongo mzito wa mfinyanzi. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Huku mvua ni chache kuliko upande wa mashariki ya jiji, kwa hiyo kiangazi ardhi inapasuka mpaka unaweza kutumbukiza mkono. Nyumba inapanda na kushuka nayo. Wajenzi wanajua, ndiyo maana msingi unamwagwa kama bamba moja zito lenye mbavu chini yake.

Ufa mwembamba unaofunguka na kujifunga kwa majira ni kawaida. Unaoingia kidole, au mlango ukianza kugoma kufungwa, huo ita mhandisi. Sheria ya Victoria, jimbo letu hili, inawapa hadi miaka 10 kudai kasoro za ujenzi, kuanzia hati ya ruhusa ya kuhamia, kwa hiyo mna muda. Mimi mjenzi wangu aliniambia kwa simu "itatulia yenyewe" na baada ya hapo hakupokea tena, nikapoteza miaka miwili nikimsubiri. Andikeni kwa barua pepe, si kwa simu. Msipande mti mkubwa karibu na ukuta, na mkimwagilia, mmwagilie pande zote za nyumba sawasawa, si lile bustani la mbele peke yake.

Halafu chukua penseli, weka kistari kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe pembeni. Wangu uko juu ya dirisha la jikoni, una vistari saba. Cha mwisho ni cha Februari 2019, na haujakivuka.