Koma moja na lakabu ya safu

Wewe unayeanza kazi ya kanzidata, acha nianze na aibu yangu. Nilikuwa namtunzia hesabu mnunuzi mmoja wa samaki pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Jedwali la manunuzi lilikuwa na safu za aina, kilo na bei ya kilo moja (dagaa tulihesabu kwa magunia, hao walikuwa na jedwali lao). Asubuhi moja akataka orodha ya manunuzi: aina, kilo na bei. Nikaandika mbiombio kwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata:

SELECT aina, kilo bei FROM manunuzi;

Kanzidata haikulalamika. Zikaja safu mbili, ya pili ina kichwa "bei", nikamtumia. Simu ikaita: "We kijana, sangara kilo shilingi 42?"

Zile 42 zilikuwa kilo. Nilisahau koma baada ya "kilo", na kwa kuwa neno AS (linalotangulia lakabu, yaani jina jingine unaloipa safu) si la lazima, kanzidata ilielewa kwamba safu ya kilo naibatiza "bei". Tangu hapo kila lakabu naiandikia AS. Ukizoea hivyo, maneno mawili yakikaa pamoja bila AS wala koma, jicho linayakamata lenyewe.

Jambo la pili litakukuta wiki ya kwanza:

SELECT aina, kilo * bei AS thamani FROM manunuzi WHERE thamani > 500000;

Kwenye MySQL na PostgreSQL, programu mbili za kanzidata, utaambiwa hakuna safu inayoitwa thamani, wakati umetoka kuiandika sasa hivi! WHERE huchuja mistari kabla SELECT haijapiga hesabu, kwa hiyo jina hilo bado halipo. Rudia hesabu yenyewe, WHERE kilo * bei > 500000, au liweke swali zima (bila WHERE) kwenye mabano baada ya FROM, ulipe jina, halafu uchuje kwa nje. ORDER BY, inayopanga mistari, huja mwishoni, hivyo ORDER BY thamani DESC inakubali bila shida. Kwenye GROUP BY (kukusanya mistari kwenye makundi), MySQL na PostgreSQL zote zinapokea lakabu. Kwenye HAVING (kuchuja makundi hayo), MySQL inapokea, PostgreSQL inakataa.

Majina yenye nafasi katikati achana nayo, andika thamani_tsh. Yanakulazimisha kutumia alama za kunukuu, na hapo ndipo wengi huponzwa: ukiandika ORDER BY 'thamani' kwenye MySQL, inaona ni maandishi tu, haipangi chochote, na haikwambii kitu.