Je, kuzimia kwa sababu ya filamu ni udhaifu?

SWALI: Ndugu Mshauri, wiki iliyopita mimi na mume wangu tulitazama filamu nyumbani usiku, taa zikiwa zimezimwa. Tulipofika mahali ambapo mtu anakatwa mguu kwa msumeno bila ganzi, kijasho chembamba kilinitoka, masikio yakaanza kuvuma, na nilipoinuka niende zangu chumbani nikaanguka mlangoni. Nilizinduka mara moja, lakini tangu siku hiyo kila nikilala nausikia msumeno ule, naye mume wangu ananicheka kwamba nimeshindwa na maigizo. Je, mimi ni mgonjwa au ni mwoga tu?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Kwa maelezo yako, sioni dalili ya woga. Mtu aliyeogopa kwa kawaida moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hupanda, na ndiyo maana huweza kukimbia. Lakini wapo watu ambao wakiona damu au jeraha, moyo hupunguza mwendo ghafla, mishipa hutanuka, damu hushuka miguuni, na ubongo ukipungukiwa wanazimia. Hali hii mara nyingi huwamo katika ukoo, na huwapata hata wanafunzi wa udaktari. Kuinuka ndiko kulikokuangusha. Siku nyingine ukisikia masikio yanavuma, lala chini uinue miguu, au kaza misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, ulegeze kidogo, kisha urudie.

Ama kuhusu sauti, macho unaweza kuyafumba, masikio huwezi, na watengenezaji wa filamu wanalijua hilo vizuri mno. Mlio wa mfupa unaovunjika, kwa mfano, mara nyingi hupatikana studioni kwa kuvunja mashina ya mboga mbichi karibu na kipaza sauti. Akili yako inajua kwamba ni maigizo, lakini mwili hushtuka kabla akili haijasema neno, na katika chumba chenye giza hakuna kingine cha kuushughulisha.

Jambo jingine ni kwamba uliiacha filamu pale palipokuwa pabaya zaidi, na huenda ndiyo sababu akili yako inarudi palepale. Sikushauri uitazame tena ili kumthibitishia mtu chochote. Mwombe mumeo akusimulie mchana jinsi ilivyokwisha. Hapo atakuwa na faida kuliko anapocheka. Aidha, mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba watu waliocheza mchezo wa kupanga maumbo kwenye skrini nusu saa baada ya kutazama filamu yenye matukio ya kuogofya walirudiwa na picha zake mara chache kuliko wasiocheza. Kwako muda huo umekwishapita, ila likumbuke kwa siku nyingine.

Hata hivyo, muone daktari ikiwa uligonga kichwa ulipoanguka, ikiwa uliwahi kuzimia bila kuona damu, au ikiwa kifua kilikuuma. Mwone pia endapo mwezi utapita na usingizi bado haujarudi, hasa kama tukio lile linakukumbusha jambo lililokupata wewe mwenyewe au mtu wako wa karibu, kwa kuwa hapo kinachohitaji tiba kitakuwa ni jambo hilo wala si filamu.