Koni za karatasi za kuviringishia uzi: tazama ncha kabla ya bei

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umenunua mashine ya kuviringisha uzi iliyokwisha kutumika, kwamba unakusudia kuwauzia wafumaji wa fulana uzi wa pamba namba 30 (namba hueleza unene wa uzi), na kwamba umeletewa bei tatu za koni za karatasi zinazopishana sana. Unauliza kama ipo sababu ya kulipia ile ya juu. Nilisimamia kitengo cha kuviringisha uzi katika kiwanda kimoja cha Morogoro kwa miaka 11, na maagizo mengi ya koni yalipitia mezani kwangu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona, likiwamo kosa nililolifanya mwenyewe.

Kwanza mwinamo, yaani jinsi ubavu wa koni unavyoinama kutoka kitako hadi ncha, kwa kuwa huo hauna mjadala: unaamuliwa na mashine uliyo nayo. Koni zinazotumika sana viwandani zina mwinamo wa 3°30', 4°20', 5°57' au 9°15', na kipimo hicho huchukuliwa kutoka mhimili wa katikati hadi ubavuni, si kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Wapo wauzaji wanaotaja pembe nzima, na mnunuzi asiyeuliza hupokea mzigo asioutarajia. Kama huna kifaa cha kupimia pembe, chukua kalipa upime kipenyo cha kitako na kipenyo cha juu, chini kidogo ya pale ncha inapoanza kuviringana. Kwa koni ya urefu wa milimita 170, tofauti ya vipenyo hivyo hukaribia milimita 35 ikiwa mwinamo ni 5°57', na milimita 26 ikiwa ni 4°20'. Koni isiyolingana na mashine hugusa ngoma, yaani silinda ya mashine inayoizungusha koni, upande mmoja tu, uzi ukakazwa huko na kulegea kwingine.

Sasa nije kwenye ncha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hasa unayoilipia. Mwaka mmoja niliidhinisha koni za bei nafuu baada ya kuridhika na sampuli kumi nilizoletewa, ambazo kweli zilikuwa nzuri. Shehena yenyewe ilipofika, kitengoni kwangu haikuonyesha kasoro yoyote, kwani uzi unapoingia kwenye koni hausumbuliwi na ncha. Wiki chache baadaye mteja mmoja mfumaji akalalamika kwamba uzi wetu unakatika na kumwachia matundu kwenye kitambaa, nasi tukaanza kuwalaumu watu wa kusokota. Nilikwenda kukaa kando ya mashine yake asubuhi nzima. Koni ikiwa imejaa, uzi ulitoka kwa utulivu. Ikibakia robo, ulianza kutoka kwa mishtuko, kisha ukakatika. Uzi huvutwa kupitia juu ya koni, na kadiri tumbo la uzi linavyopungua ndivyo unavyozidi kuisugua ncha. Nilichukua unyoya mdogo wa pamba nikauzungusha kwenye ncha ya koni tupu: pale karatasi ya mwisho ilipounganishwa na kukunjwa kuelekea ndani, unyoya ulinasa na kuacha nywele nyeupe. Koni zenye ncha iliyosuguliwa vizuri ziliuachia unyoya uleule bila kuacha kitu. Tangu siku hiyo nilifanya jaribio hilo kwa koni zilizookotwa ovyo kutoka katikati ya maboksi, na sampuli ya muuzaji ikabaki kuwa ya kupokea kwa heshima tu.

Unyevu nao usiudharau. Wakati wa masika tuliwahi kupanga maboksi ya koni sakafuni karibu na mlango. Karatasi ilifyonza maji ya hewani, vitako vikavimba, na koni zikawa hazikai sawasawa kwenye vishikio, zikiyumba kila mashine iliposhika kasi. Wekeni koni juu ya mbao, mbali na ukuta. Koni ya rangi ikilowa huweza pia kuchafua matabaka ya uzi yaliyo karibu nayo. Rangi zenyewe, hata hivyo, ningezilipia bila kusita, mradi kila namba ya uzi ipewe rangi yake, maana uzi wa namba mbili ukichanganyika kwenye mashine moja, michirizi huonekana baada ya kitambaa kutiwa rangi, na wakati huo umekwisha kuchelewa.

Kuhusu uzito: unapouza kwa kilo, unakata uzito wa koni kwa makadirio. Katoni ya koni 24, kila moja ikizidi kadirio kwa gramu 5, inakuwa na gramu 120 za karatasi ulizomwuzia mteja kama uzi. Zikipungua, hasara ni yako. Pima koni 20 kutoka kila shehena, moja moja.

Uso wa koni kwa pamba usiwe laini kupita kiasi, kwani matabaka ya kwanza huporomoka, wala usiwe na manyoya mengi kama zile za nyuzi telezi za poliesta, kwa sababu uzi wa mwisho hung'ang'ania na kubaki kuwa taka. Koni zilizokwisha kutumika sisi tulizirudisha kwenye kazi za ndani, yaani kwa nyuzi za mtande (zile za urefu wa kitambaa), hadi ncha zilipochakaa; za kuuzia tulitumia mpya.

Kwa hiyo, kati ya bei zako tatu, usiikatae kwanza ya chini wala kuikubali ya juu. Agiza koni mia mbili kwa kila muuzaji, zijaze, mpelekee mfumaji mmoja mnayeelewana, umwombe azitumie hadi uzi wa mwisho na akuandikie kila unapokatika ni koni ipi na imebakia kiasi gani. Nawe ukiniandikia hapa vipenyo viwili vya kishikio cha mashine yako pamoja na urefu wake, nitakukokotolea mwinamo kabla hujatoa hata shilingi.