Kwa Mnaoanza Uhandisi wa Anga: Kazi Nzuri Peke Yake Haiombi

Kila mwaka huwapokea vijana wanaoanza kazi katika karakana ya ndege, na wengi wao, hasa mabinti, huamini kwamba wakichapa kazi kimyakimya wakubwa wataona wenyewe. Nami niliamini hivyo, nikakaa miaka miwili nikijaza majedwali ya vipimo ambavyo sikujua vilitafuta jibu la swali gani. Ndiyo maana huwasimulia habari za wanawake wawili Weusi wa Marekani.

Mary Jackson, mwenye shahada za hisabati na sayansi za kimaumbile, aliingia maabara ya utafiti wa ndege ya Langley, Virginia, ambayo baadaye ikawa sehemu ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1951 akiwa mpiga hesabu katika kitengo kilichotengwa kwa wanawake Weusi. Mwaka 1953 alianza kufanya kazi na mhandisi Kazimierz Czarnecki kwenye handaki la upepo, mtambo wa kupulizia hewa modeli za ndege ili kuzijaribu, lenye nguvu za farasi 60,000, ambamo hewa ilikimbia kwa karibu maradufu ya kasi ya sauti, na humo akajifunza kuendesha majaribio kwa mikono yake badala ya kungojea karatasi za tarakimu. Alipotakiwa kusoma zaidi ili awe mhandisi, masomo yalikuwa yakitolewa jioni katika shule ya wazungu watupu, ikambidi aombe kibali cha mji wa Hampton ili aketi darasani. Alikipata, na mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke Mweusi wa NASA. Mwaka huohuo ilitoka ripoti aliyoiandika pamoja na Czarnecki, kuhusu jinsi hewa inayoteleza kwa utulivu juu ya koni inavyofika mahali ikaanza kuvurugika. Zingatieni mpangilio huo: alizoea mtambo kwanza, cheo kikamfuata.

Christine Darden alifika Langley mwaka 1967 akiwa na shahada ya uzamili, naye akawekwa kwenye hesabu. Baada ya miaka kadhaa alimwendea mkuu wake na kumuuliza kwa nini wanaume wenye elimu kama yake hupelekwa kwenye uhandisi. Hilo si lalamiko, ni swali linalodai jibu, akahamishwa. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kuandika programu ya kompyuta kuhusu ule mshindo unaosikika ardhini ndege ipitapo kwa kasi kuliko sauti, na somo hilo likawa taaluma yake kwa miaka 25 hivi.

Basi wiki yenu ya kwanza ulizeni kipimo kimetoka wapi na kitaamua nini, kisha mwombeni msimamizi, kwa kutaja jaribio lenyewe, mwende mkasimame kwenye mtambo. Wala msidhani mlango ukifunguliwa mara moja hubaki wazi: Jackson mwenyewe alifika mahali asipoweza kupanda tena, na mwaka 1979 alikubali kushushwa cheo ili ashughulikie ajira na upandishaji vyeo wa wanawake, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1985.