Taa ya injini imewaka, skana imeleta namba, tunaanzia wapi?

*Fundi, skana imesoma P0171 nikaambiwa ninunue sensa ya oksijeni. Ninunue?*

Subiri kwanza ndugu yangu. P0171 inasema hewa imezidi mafuta, na hiyo sensa ndo imetoa taarifa, sasa unamfukuzaje aliyekuletea habari? Mara nyingi ni hewa inapita njia ya panya baada ya sensa ya hewa, au sensa ya hewa yenyewe ina uchafu, au pampu inasukuma mafuta kidogo. Kuna gari niliipokea imeshabadilishwa sensa mbili na taa bado inarudi, nikashika ule mpira mnene unaotoka kwenye eya klina nikaukunja, pale chini kwenye mikunjo ukafunguka ufa kama mdomo, ukiuachia unajifunga huoni kitu. Injini ikitikisika ndo unafunguka.

Kama skana yako inaonyesha fyueli trimu, yani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza, iangalie gari ikiwa sailensa, yani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu kanyaga mpaka rpm 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika) ushikilie hapo. Ikiwa juu sana kwenye sailensa, tuseme +20, halafu ikashuka ukikanyaga, tafuta mpira unaovuja. Ikipanda kadri unavyokanyaga angalia filta ya mafuta, pampu na sensa ya hewa.

*Gari inamisi, imeleta P0302, fundi anataka tubadilishe koili zote nne. Ni sawa?*

Hapana, wala usitoe hela bado. Kumisi ni silinda kutochoma mafuta yake vizuri, na koili ndo inayoipa plagi umeme wa cheche. Tarakimu ya mwisho ndo silinda, kwaiyo shida iko ya pili. Hamisha koili ya 2 uiweke ya 3 na ya 3 ije 2, futa namba, endesha. Ikija P0303 koili umeikamata na unanunua moja tu, ikibaki P0302 fanya hivohivo kwa plagi, alafu nozeli, na mwisho pima kompresheni. Ila taa ikiwa inapepesa, yani inawaka inazima inawaka inazima, usiendelee kukimbiza gari jamani, petroli isiyoungua inaenda kuunguzwa kwenye masega ya ekzosi (katalisti, yanayosafisha moshi) na masega yakiyeyuka hiyo gharama utailia.

*Nikichomoa terminali ya betri taa inazima. Si nimeshatibu?*

Umefuta ushahidi tu. Kosa linapotokea kompyuta inahifadhi picha ya muda ule, injini ilikuwa na joto kiasi gani, rpm ngapi, mwendo gani, na hapo ndo fundi anajua kama shida inakuja gari ikiwa ya baridi au ikiwa mlimani. Ukichomoa betri vyote vimeondoka, na majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe yanaanza upya. Mi naumia sana gari ikiletwa imefutwa, inabidi tuzunguke nayo kusubiri kosa lirudi. Andika namba kwanza, au piga picha kioo cha skana, ndo ufute.

*P0420 ni lazima masega mapya?*

Si lazima. Namba hiyo inasema masega hayasafishi moshi vya kutosha. Kagua kwanza ekzosi isiwe inavuja karibu na sensa na gari isiwe inamisi. Halafu tazama sensa ya nyuma ya masega injini ikiwa ya moto, volti zake zikitulia masega yanafanya kazi, zikirukaruka sawa na sensa ya mbele basi hayo yamechoka kweli.

*P0455 imekuja baada ya kujaza mafuta.*

Namba hiyo inasema mvuke wa mafuta unavuja sana, na ikija baada ya kujaza anza na mfuniko wa tenki. Ukaze mpaka ulie ka-ka, cheki na mpira wake usiwe umepasuka. Taa inaweza kuchukua safari kadhaa kuzima yenyewe, usiwe na haraka.

*Skana haiwaki kabisa nikichomeka.*

Ile soketi yenye pini 16 inachukua umeme wa betri kwenye pini ya 16, na gari nyingi fyuzi yake ndo hiyohiyo ya kiwashio cha sigara. Kama na chaja ya simu haifanyi kazi hapo, badilisha fyuzi kabla hujalaumu skana.