Mtoto anarudi na kopo la chakula limejaa

Pole dada yangu. Kama mwanao wa miaka 4 anamaliza biskuti na juisi huku wali unarudi na kopo, anza na dagaa. Hapo Kigoma unawapata kirahisi. Siku za mbalamwezi wakiadimika, tumia maharage. Dagaa watoe vichwa, wakaange wakauke kabisa, kisha wachanganye na viazi vitamu vilivyopondwa na mawese kidogo. Mawese mekundu humpa vitamini A, kwa hiyo usiyaunguze mpaka yapoteze rangi.

Pakia kidogo, kiasi cha ngumi yake. Karanga nzima usimpe kabisa, zinaweza kumkaba, zisage. Chakula kipoe kabla hujafunika, la sivyo kitachacha. Na hiyo juisi, dada, badilisha na maji.