Mabinti Wawili, Nafasi Moja: Alama Nilizokosea Kutoa

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa baba mmoja wa Kisumu, ukiwa na video mbili fupi na swali moja. Video ya kwanza ilimwonyesha binti yake mwenye umri wa miaka 12, na ya pili ilimwonyesha binti wa jirani yake, wa rika hilo hilo. Wote wawili wanacheza tenisi katika uwanja mmoja chini ya kocha mmoja, na kamati ndogo ya wazazi imechanga fedha zinazotosha kumgharamia mmoja wao kwa mwaka mzima. "Mwalimu," aliandika, "wewe una jicho. Kati ya hawa wawili, ni nani atakayefika mbali?" Nakiri kwamba maneno ya jicho yalinifurahisha kwa dakika tano hivi, kisha nikakumbuka jicho hilo lilinifikisha wapi mara ya mwisho nilipoliamini, na furaha ikaniishia.

Mimi nilishika raketi kwa mara ya kwanza hapa Mombasa nikiwa na miaka 9. Nilipofika miaka 14 niliachwa nje ya timu iliyokuwa ikienda kushindana Nairobi, kwa sababu, kama alivyotamka mteuzi mbele ya wenzangu wote, "huyu hana kimo". Katika mwaka mmoja na nusu uliofuata nilirefuka kwa sentimita 11, lakini basi la Nairobi lilikuwa limekwisha ondoka na halikurudi kunichukua. Wasomaji wangu wa zamani wamelisikia jambo hili mara nyingi na nawaomba wanivumilie tena; kidonda hicho hakijapona, na sina hakika kwamba nataka kipone, kwa maana ndicho kilichonifanya niwe kocha.

Mtu angedhani kwamba aliyeumizwa hivyo hawezi kumuumiza mwingine kwa namna ile ile. Mwaka 2013 klabu niliyokuwa nikifundisha ilipata mfadhili, mfanyabiashara mwenye moyo mwema, aliyejitolea kumlipia msichana mmoja raketi, viatu, ada ya mazoezi na safari za mashindano. Uamuzi niliachiwa mimi, na wasichana waliokuwa na haki ya kufikiriwa walikuwa wawili. Majina yao hayahitajiki hapa. Mmoja nitamwita Mrefu, kwa sababu alikuwa tayari ananipita mimi mwalimu wake, na servisi yake, yaani pigo la kuanzisha pointi, ilikuwa ikiwafanya wenzake warudi nyuma hatua mbili kabla hata hajaurusha mpira juu. Wa pili nitamwita Mdogo. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, raketi yake ilikuwa ya kuazima na nzito kuliko nguvu zake, na alikuwa akifungwa na Mrefu seti kwa seti, mara nyingi kwa 6–1.

Niliandika ripoti ya kurasa mbili, yenye safu za alama kwa kila kipengele: servisi, forihendi, bekihendi, mwendo wa miguu, matokeo. Nilijivunia sana ripoti ile. Mrefu alipata alama 41 kati ya 50, Mdogo akapata 29, na kamati ikapitisha bila mjadala. Siku ya tatu mama yake Mdogo, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na lango la klabu, alinisimamisha na kuniuliza kwa upole, "Mwalimu, mwanangu amekosa nini?" Nilimjibu kwa maneno mengi kuhusu vigezo. Hakukosa kitu, na jibu hilo la maneno mawili nililikosa siku ile.

Kitu ambacho sikukiandika popote katika kurasa zile mbili ni tarehe za kuzaliwa. Mrefu alizaliwa mwezi wa Januari na Mdogo alizaliwa mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule, na kwa kuwa makundi ya umri katika tenisi ya vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, hao wawili walihesabiwa kuwa sawa ilhali mmoja alikuwa amemtangulia mwenzake kwa miezi kumi. Katika umri wa miaka 12, miezi kumi ni mingi. Aidha, wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakikaribia umri huo, lakini wengine hutangulia kwa mwaka au zaidi na wengine huchelewa kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo mabinti wawili wenye cheti cha kuzaliwa cha mwaka mmoja wanaweza kuwa na miili iliyoachana kwa miaka miwili au mitatu. Nilidhani ninapima vipaji, kumbe nilikuwa nikipima mifupa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mrefu alishinda karibu kila kitu kwa miaka miwili. Kisha wenzake nao wakarefuka, servisi yake ikaanza kurudishwa, na ikadhihirika kwamba hakuwahi kujifunza namna ya kuijenga pointi ya mipira minane au kumi, kwa sababu hakuwahi kuihitaji na mimi sikuwahi kumlazimisha. Aliacha akiwa na miaka 15, bila ugomvi, na leo ni muuguzi ambaye bado hunipigia simu sikukuu. Mdogo aliendelea kupiga mpira ukutani kwa muda, kisha akaacha kuja. Ningependa kuwaambia kwamba alikwenda kwingine akawa bingwa na kunifedhehesha, lakini sivyo ilivyokuwa. Hakupewa mwaka ule mmoja, na kwa hiyo hakuna ajuaye angekuwa nani. Kama angenishinda hadharani ningekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia, na ningelala vizuri zaidi.

Wengi wenu mtaniambia kwamba mambo haya ni ya klabu ndogo za Pwani, na kwamba huko juu wenye ujuzi hawakosei. Basi chukueni fainali ya wasichana ya Wimbledon ya mwaka 2022, kwa wachezaji wawili wawili, ambayo kila Mkenya anayependa tenisi anaikumbuka. Angella Okutoyi wetu, akiwa na miaka 18, alicheza pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, wakatoka nyuma baada ya kupoteza seti ya kwanza na kushinda kwa 3–6, 6–4, 11–9 (hiyo ya mwisho ni hesabu ya pointi za kuamua, badala ya seti ya tatu), naye akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani la mojawapo ya mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi. Mwezi Januari wa mwaka huo huo alikuwa amekwisha shinda mechi mbili peke yake katika mashindano ya wasichana ya Australia, jambo ambalo hakuna msichana wa Kenya aliyelifanya kabla yake. Nilitazama pointi za mwisho kwenye simu nikiwa nimesimama, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Upande wa pili wa wavu siku ile walikuwepo Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo, alikuwa na miaka 15 tu. Ungenipa karatasi yangu ya alama wakati ule ningeshangilia wa kwetu na nisingemwandikia Mboko lolote la maana, kwa sababu alikuwa amefungwa. Baadaye majeraha ya goti yalimchelewesha, na mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Mwishoni mwa Julai wa mwaka huo aliingia mashindano ya Montreal kwa nafasi ya mwaliko akiwa wa 85, akamtoa Coco Gauff, akamtoa Elena Rybakina baada ya kuokoa pointi ya mechi, ile ambayo angeipoteza angetoka yeye, na katika fainali akamshinda Naomi Osaka kwa 2–6, 6–4, 6–1. Alikuwa bado hajatimiza miaka 19. Okutoyi naye alichukua njia ya chuo, akaenda kusoma na kuichezea Auburn huko Marekani, na mwezi Machi 2024 mjini Accra akailetea Kenya dhahabu ya Michezo ya Afrika kwa mchezaji mmoja mmoja. Sisemi kwamba mmoja amemshinda mwenzake. Ninachosema ni kwamba pointi ya mwisho ya siku ile ya Julai haikubashiri lolote kati ya haya.

Na huyo Osaka aliyefungwa Montreal, aliyekuwa amekwisha twaa mataji manne ya Grand Slam, hakupitia mzunguko wa kimataifa wa vijana kabisa, kwa hiyo asingeonekana katika orodha ya mteuzi yeyote wa vijana. Ons Jabeur wa Tunisia alionekana mapema, kwa kuwa alitwaa taji la wasichana la Roland Garros mwaka 2011, lakini alisubiri hadi mwaka 2022 kufika fainali yake ya kwanza ya Grand Slam ya wakubwa. Ni miaka 11 hiyo! Nawauliza wazazi wenzangu: ni nani kati yetu anayempa binti miaka 11, wakati wengine wanamfokea kwenye maegesho ya magari kwa sababu ya mechi moja ya Jumamosi?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mapacha wa Ucheki, Karolína na Kristýna Plíšková. Mwaka 2010 Karolína alitwaa taji la wasichana la Australia, na miezi michache baadaye Kristýna akatwaa la Wimbledon. Ni nyumba moja, umri mmoja hadi siku, na mataji yanayolingana, tofauti ya macho ikiwa kwamba mmoja ni wa kulia na mwingine wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Kristýna ulikuwa na servisi ya kutisha. Katika mashindano ya Australia ya mwaka 2016 alipiga servisi 31 zisizoguswa katika mechi moja, idadi iliyokuwa rekodi kwa wanawake, na mechi ile akaipoteza. Karolína alifika namba moja duniani mwaka 2017. Kristýna hakupita namba 35, ambayo nayo ni kilele ambacho sisi wengine tunakiona kwenye runinga tu. Mkononi mwa mteuzi wa mwaka 2010 wangetoshana kabisa.

Kwa hiyo sasa, baada ya kuumizwa na kuumiza, ninawatazama watoto kwa namna nyingine, na nitaeleza kwa kifupi kwa sababu hakuna siri kubwa. Kwanza ninauliza tarehe ya kuzaliwa na urefu wa wazazi. Kisha ninaitazama servisi ya pili. Ya kwanza hutegemea mwili, lakini ya pili hutegemea moyo na mafunzo, na wasichana wengi wa miaka 12 huisukuma tu kama anayewatupia kuku mtama. Yule anayethubutu kuuzungusha mpira kuelekea upande wa pili hata akikosea mara mbili mfululizo, huyo ninamwandika daftarini. Ninaitazama pia miguu yake kabla mpinzani hajapiga, na ninamtazama anapokwenda kuokota mipira akiwa nyuma kwa 1–4, kwa maana pale ndipo mtoto asiyejua kwamba anatazamwa huonyesha kama bado anafikiri au amekwisha kata tamaa. Mengine yote ninarudia kuyaangalia baada ya miezi sita, na tena baada ya miezi sita mingine. Ni vile vile, kutazama na kurudia kutazama.

Mwezi uliopita nilikutana na Mdogo kwenye feri ya Likoni. Sikumtambua, ni mrefu sasa, amenipita kwa kichwa kizima. "Shikamoo, mwalimu," aliniambia, na nilipomwitikia aliniuliza kama bado ninafundisha. Nilitaka kumwomba radhi pale pale katikati ya watu na mikokoteni, lakini aliniwahi kwa kuniambia kwamba ana binti wa miaka 5 anayepiga kila kitu kwa mkono wa kushoto. Tulicheka. Feri ilifika ng'ambo kabla sijasema nililotaka kusema, na nililiandika jioni ile katika ujumbe mrefu ambao alinijibu kwa neno moja, "Yamepita". Kwake huenda yamepita.

Wazazi na makocha wenzangu, acheni kuyapeleka madaftari ya alama mbele ya watoto wa miaka 12. Mkiwa na fedha za mmoja, kaeni chini mhesabu upya, kwa sababu mara nyingi zinawatosha wawili, ila tu hazitoshi kwa fahari. Raketi mpya mbili kwa mwaka ni fahari. Hoteli ya mashindano ilhali kuna shangazi katika mji ule ni fahari. Nasema hivi kwa ukali kwa kuwa mimi mwenyewe niliidhinisha Mrefu anunuliwe jozi tatu za viatu katika mwaka ambao Mdogo alikuwa akicheza na kidole nje.

Yule baba wa Kisumu nilimjibu kwamba video zake haziniambii lolote, kwa maana zote mbili zinaonyesha pointi walizoshinda tu, na sehemu za kuokota mipira zimekatwa. Nilimwomba anitumie seti nzima ambayo kila binti amefungwa, pamoja na tarehe zao za kuzaliwa na hesabu kamili ya fedha za kamati. Tarehe alizituma jioni ile ile: binti yake ni wa Februari, wa jirani ni wa Desemba. Hesabu ya fedha ilifika siku ya pili, na nikairudisha nikiwa nimefuta mistari minne kwa kalamu nyekundu na kuandika chini yake gharama ya tikiti mbili za basi la kwenda na kurudi Nairobi. Kamati inakutana Ijumaa.